Kivuli kwanza, vioo baadaye

MTAA KWA MTAA
Na Mwanaidi Shomari

Pita Goba, Madale au Bunju utaziona: nyumba za ghorofa moja, paa limejificha nyuma ya ukuta, sebule ina kioo kutoka sakafuni hadi darini. Mwenye nyumba atakwambia alitaka ndani na nje viwe kitu kimoja. Mtembelee saa kumi alasiri. Kioo kimeelekea magharibi, pazia zito limefungwa, kiyoyozi kinanguruma, naye anahesabu yuniti za LUKU. Uani pevingi zimetandazwa hadi ukutani, zinaunguza nyayo. Kioo kimegeuka ukuta wa bei mbaya.

Kwa joto letu la Pwani, kinachomtoa mtu sebuleni akakae nje ni kivuli na upepo. Kioo ni nyongeza.

Jua la Dar es Salaam halina siri. Adhuhuri hupita karibu na utosi, Juni likiegemea kaskazini, Desemba kusini kidogo. Upenu mpana unalizuia. Asubuhi na jioni huja chini chini, likapenya chini ya upenu wowote. Basi pande ndefu zenye milango mikubwa zitazame kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi weka ngazi, stoo na vyoo. Upepo nao una majira yake: kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Sebule iwe na uwazi pande mbili zinazokabiliana, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Dirisha la kusukuma, kumbuka, hufunguka nusu tu. Milango ipate wavu na grili, la sivyo mbu na vibaka wataifungisha kabla ya magharibi.

Ghorofa ingetusaidia sana hapa, ila wengi huipoteza nafasi hiyo. Roshani hufanywa nyembamba, ya kupendezesha picha. Ukiweka kiti, magoti yanagusa chuma. Afadhali jamvi la zege la juu litokeze mita mbili na nusu mbele ya mlango wa sebule: chini upate baraza la kukalia hata mvua ikinyesha, juu upate roshani ya kuweka meza. Juu kabisa ya ngazi acha matundu, hewa ya moto ipande itoke. Wazo si geni: wazee wa Lamu na Mji Mkongwe walipanga vyumba kuzunguka kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi. Msanifu majengo Beda Amuli naye, katika Soko la Kariakoo la miaka ya 1970, alisimamisha miavuli mikubwa ya zege, watu wakafanya biashara kivulini huku upepo ukipita.

Mtasema gharama. Kweli, nondo na zege vitaongezeka, na lazima mhandisi apige hesabu. Lakini jamvi hulipiwa mara moja, umeme wa kiyoyozi kila mwezi. Na likishakauka, hakuna fundi wa kukurefushia. Kwa hiyo kabla hujamlipa mchora ramani, mtake akuonyeshe mambo mawili kwenye karatasi: kaskazini iko wapi, na kivuli kitaangukia wapi saa kumi alasiri. Akishindwa, usimwage zege.