AKINA MAMA SI WAPISHI WA MIKUTANO



Nenda kwenye matanga yoyote hapa Kibomet, au vuka ufike Kimilili na Webuye, uulize ni nani anayeshika daftari la michango. Mara nyingi utaelekezwa kwa mama. Ndiye anayejua nani ameleta debe la mahindi, nani ameahidi na hajaonekana, na ni shilingi ngapi zimebaki za kukodi gari la maiti. Hesabu yake haitiliwi shaka. Lakini mama huyo huyo akitangaza kwamba anataka kiti cha wadi, maswali yanamiminika. Alizaliwa wapi? Ameolewa kwa nani? Mumewe anasemaje? Kwao alikozaliwa anaambiwa aende akaombe kura kwa mumewe. Kwa mumewe anaambiwa yeye ni mgeni. Mwanamume hajawahi kuulizwa maswali hayo.

Sisi wa kambi ya mageuzi hatuna haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1988, katika kura ya mchujo ya chama tawala, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa tena. Mama alisimama pale chifu akimwona, mume akimwona, na mwenye shamba alilolima kibarua akimwona. Tulipoupinga mlolongo tulisema tunatetea uhuru wa raia. Aliyehitaji faragha ya kura kuliko wote alikuwa mama huyo, lakini hatukumtaja.

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao Monica Wamwere, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Siku chache baadaye polisi waliwashambulia kwa virungu, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila mzee wa nchi hii anaielewa. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakesha humo hadi mwaka uliofuata. Vyama vipya vilisimama juu ya ujasiri wa namna hiyo. Hata hivyo, waasisi sita wa FORD mwaka 1991 wote walikuwa wanaume, na katika uchaguzi wa Desemba 1992, kati ya wabunge 188 waliochaguliwa, wanawake walikuwa sita tu. Hakuna hata mmoja aliyetoka Trans Nzoia wala Bungoma, maeneo yaliyojigamba kwa Masinde Muliro na Michael Wamalwa Kijana.

Ni kweli mambo yamesogea. Katiba ya 2010 inakataza jinsia moja kupita theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na kila kaunti ina mwakilishi wa wanawake Bungeni. Mwaka 2022 kaunti zetu zote mbili zilipata manaibu gavana wanawake, Philomena Kapkory hapa Trans Nzoia na Jennifer Mbatiany kule Bungoma. Tunawapongeza. Lakini unaibu ni kiti ambacho mgombea ugavana humpa amtakaye. Wadi haitolewi hivyo. Wadi huombwa nyumba kwa nyumba, na huko ndiko tunakoshindwa. Kati ya wadi 1,450 za nchi nzima, wanawake waliochaguliwa mwaka 2022 hawakufikia mmoja kwa kila kumi.

Pengo hilo huzibwa kwa viti maalumu kutoka orodha za vyama. Hatuvidharau, bila hivyo mabunge ya kaunti yangekuwa baraza la wanaume watupu. Ila mama aliyeteuliwa hana wadi anayoweza kusema ni yake, na mwenzake aliyechaguliwa hachoki kumkumbusha. Anajua pia kwamba jina lake liliandikwa na mtu fulani ofisini, na mtu huyo anaweza kulifuta mara ijayo.

Tusisingizie ada. Mwaka 2022 Tume ya uchaguzi ilimtoza mwanamke anayewania wadi shilingi 2,500, nusu ya ada ya kawaida. Kinachomshinda ni mafuta ya gari, mawakala wa vituo, vijana wanaokodiwa kumzomea sokoni, na mikutano ya chama inayoitishwa saa tatu usiku hotelini mjini Kitale, halafu kesho anaitwa malaya kwa sababu alihudhuria.

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 tunavitaka vyama vyote, na kwanza vile tunavyoviunga mkono, vifanye mikutano yao mchana, mahali pa wazi. Mchujo wa wadi ufanywe kwa kura ya siri, wala si kwa wazee kuafikiana chini ya mti. Na orodha ya viti maalumu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, hapa Kitale na kule Bungoma, jina kwa jina, kabla haijapelekwa Nairobi.