Huyu Binti Anaanguka Kifafa au Anajifanya?

Akina mama wapendwa, mwezi huu nawaandikia hasa ninyi wenye binti anayemeza dawa za kifafa. Ametulia miaka miwili, halafu mtihani unakaribia, au nyumbani kuna ugomvi, anaanza kuanguka mara tatu kwa siku. Mashangazi wanasema, "Anajifanya huyo."

Hajifanyi. Kuna kuanguka kunakofanana mno na kifafa, ila hakutokani na hitilafu ya umeme wa ubongo. Mara nyingi nyuma yake kuna hofu, huzuni, au kuumizwa ambako mtoto hajamwambia mtu. Hata Charcot, daktari maarufu wa Paris katika karne ya 19, alisumbuliwa na wagonjwa wa namna hii. Na linalotatanisha zaidi ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Katika watu 100 wanaoanguka hivi, takriban 20 wana kifafa pia.

Kwa hiyo, mama, usimwachishe dawa mwenyewe. Kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua.

Mtazame vizuri. Kifafa kikubwa kwa kawaida huacha macho wazi, na huisha kwa dakika mbili au tatu. Kule kwingine, macho mara nyingi hufumbwa kabisa, kichwa hutikiswa huku na huku, mwili hutulia kisha huanza tena, pengine kwa muda mrefu. Lakini dalili moja haitoshi, na sisi wauguzi hatuwezi kuamua kwa macho tu. Mtu apige video kwa simu, daktari aione. Kipimo cha umeme wa ubongo kikiwa safi siku ambayo hakuanguka, bado kifafa chaweza kuwapo.

Akianguka, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni! Zikipita dakika tano, mkimbize hospitali.

Kule kuanguka kusiko kifafa hakutibiwi kwa kuongeza vidonge. Hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Tumwombee, ndiyo, lakini tusimkemee pepo mbele ya kanisa zima, aibu humzidishia. Zungumza naye mkiwa wawili tu, mkichambua mboga. Uliza polepole, kisha nyamaza. Akikutajia mtu aliyemtendea vibaya, hata awe wa ukoo wenu, mwamini.