Tarakilishi Ikichelewa Kuamka, Ipimwe Kabla ya Kuzikwa

Si jambo geni kuingia katika chumba cha tarakilishi cha shule ya sekondari na kuwakuta wanafunzi wamekunja mikono, wakikodolea macho kioo kisichoonyesha lolote. Mtambo umewashwa na taa yake inang'aa, lakini kazi haijaanza. Kipindi ni dakika 40. Tuseme mitambo huchukua dakika 8 kuamka, na darasa lina vipindi vitatu kwa juma. Katika muhula wa majuma 12, dakika 288 zitakuwa zimeteketea, yaani vipindi saba na ushei. Ni mwalimu gani wa hisabati angekubali kupokonywa vipindi saba kila muhula asilalamike?

La kusikitisha ni kwamba kasoro hii imezoeleka kama jua na mvua. Shule yenye uwezo huiomba bodi inunue mitambo mipya. Isiyo na uwezo husubiri wafadhili. Kwa maoni yangu, njia zote mbili zina walakini. Kuchelewa kuamka ni dalili tu ya ugonjwa, na tabibu mwadilifu hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Mwanafunzi achukue saa na aigawe safari ya kuamka katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni tangu swichi ibonyezwe hadi nembo ya Windows itokee. Ucheleweshaji ukiwa hapa, Windows haina hatia. Huenda kuna flashi iliyosahauliwa, na mtambo unajaribu kuanzia humo. Au betri ndogo ya mviringo iliyo ndani imekwisha, mtambo ukasahau tarehe na mipangilio yake.

Hatua ya pili ni kutoka nembo hadi mahali pa kuandika nywila. Hapa mshukiwa mkuu ni diski. Diski za zamani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hulazimika kuhama huku na huko kikitafuta faili. Diski ikijaa pomoni au ikianza kuchakaa, msako huo hurefuka. Isitoshe, stima ikipotea ghafla mtambo ukiwa kazini, huenda diski ikakaguliwa upya utakapowashwa tena.

Hatua ya tatu ni baada ya nywila. Kioo kimejaa picha, lakini ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Aghalabu hizi ni programu zinazojianzisha zenyewe bila ya kualikwa, au virusi vilivyoletwa na flashi za wanafunzi. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka dirisha lenye orodha ya programu hizo. Zisizohitajika zizuiwe, ila kinga ya virusi isiguswe. Aidha, kumbukumbu ikiwa ndogo, tuseme gigabaiti 2, mtambo hutumia sehemu ya diski kama kumbukumbu ya dharura, na diski ni nzito mno kwa kazi hiyo.

Tiba nayo ifuate mpangilio. Kwanza kazi za wanafunzi zinakiliwe mahali salama. Kisha yafanywe yasiyogharimu hata senti: kuzuia programu, kufuta takataka, kusaka virusi. Baadaye ndipo kumbukumbu iongezwe, au diski izungukayo ibadilishwe kwa ile isiyozunguka, yaani SSD. Badiliko hili la mwisho, katika mtambo ambao ugonjwa wake ni diski, huweza kugeuza dakika kuwa sekunde.

Watakuwapo watakaonikumbusha kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mitambo mingi ya zamani haikidhi masharti ya Windows 11. Hoja hiyo ina uzito, maana mtambo usiopata marekebisho ya usalama hauna kinga ya kutosha katika intaneti. Hata hivyo, mifumo ya Linux hupatikana bila malipo, na baadhi yake iliundwa kwa ajili ya mitambo dhaifu. Pale mtihani wa vitendo unapodai programu za Windows, mitambo michache mipya itengewe kazi hiyo, na mingine iendelee kufundishia.

Eldoret haina kisingizio cha kukosa mafundi. Ina Eldoret National Polytechnic na Chuo Kikuu cha Eldoret, na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko karibu, huko Kesses. Chuo hicho cha Moi ndicho kilichoshirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno kusambaza vishikwambi katika shule za msingi, chini ya mpango wa serikali uliozinduliwa mwaka 2016. Wanafunzi wa vyuo hivi huhangaika kutafuta nafasi za mafunzo ya nyanjani. Mbona wasielekezwe katika vyumba vya tarakilishi vya shule jirani?

Napendekeza pia kila mtambo uwe na daftari lake: tarehe, dakika za kila hatua, na tiba iliyotolewa. Wanafunzi ndio walijaze. Mwenye kuisaka kasoro hadi chanzo chake atakuwa amejifunza somo ambalo kitabu peke yake hakilitoi. Na ikiwa mtambo umepimwa, ukatibiwa, na bado haukupona, hapo bodi itanunua mwingine ikijua sababu.