Usioshe injini kabla ya kuuza

Shule zikikaribia kufungwa, magari ya matembezi huanza kuingia Buyenzi, hapa Bujumbura. Nazungumzia zile Land Cruiser ndefu zenye hema juu ya paa, friji nyuma na betri ya pili, ambazo wenyewe walizitumia kwenda kulala Ruvubu, kuogelea Resha au kuwaonyesha wageni maporomoko ya Karera. Mkataba wa kazi umekwisha, mwenye gari anarudi Nairobi au Brussels, na gari linatafutiwa mtu. Ananiletea garaji na kauli ileile: "Fundi, nifanyie liwe kama jipya."

Gari la mwaka 2004 haliwi jipya. Anachoagiza ni urembo, na sisi mafundi wa Buyenzi urembo tunaujua. Injini inaoshwa kwa mazutu na sabuni mpaka inang'aa, matairi yanapakwa dawa, chini ya milango palipoliwa na kutu panazibwa na kupigwa rangi. Wapo hata wanaorudisha kilomita nyuma. Ni kazi ya siku moja, haichafui sana mikono, na inalipa kuliko kubadilisha mkanda wa taimingi. Ndiyo maana wenzangu hawatapenda ninachokiandika.

Mimi nasema gari linaloandaliwa kuuzwa lisioshwe injini. Chukua 1HZ, ile dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo nusu ya mashirika ya mji huu yamewahi kuwa nayo. Katika umri huo lazima ivuje kidogo. Vumbi lililogandamana na oili ndilo linaloonyesha panapovuja. Kama ni juu kwenye kifuniko cha valvu, ni gasketi tu, asubuhi moja imekwisha. Kama ni nyuma kabisa, kwenye siili ya krenki, hapo giaboksi lazima lishushwe, na hesabu inakuwa nyingine. Ukishaosha, tatizo dogo na kubwa vyote havionekani. Mnunuzi anayejua magari akikuta boneti inang'aa hafurahi. Anachukulia kwamba ni lile kubwa, na anakata bei kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo muuzaji amenilipa ili apate hasara.

Tangu ziwa lilipopanda, kuna jambo jingine. Gatumba ilizama 2020, na 2024 maji ya Tanganyika yaliingia tena kwenye nyumba za Kajaga na Kibenga, na magari yaliyokuwa uani yakakaa ndani ya maji. Wenyewe hunijibu kwamba maji yetu hayana chumvi, hayali chuma. Kweli hayana chumvi, lakini yana tope, na tope linapenda nyaya. Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo kila siku imejikunja ndani ya nguzo. Pale fundi wa kuosha hafiki. Ukikuta mstari wa rangi ya kahawia umekatiza mkanda, umejua maji yalifika wapi. Kisha inua kapeti chini ya kiti, chomoa soketi moja ya waya. Ukijani ukionekana kwenye shaba, kila taa ya dashibodi itakuja kukusumbua kwa zamu yake. Gari linalonukia manukato mengi nalianzia hapohapo.

Halafu mafuta. Katika miaka hii ya uhaba, gari la matembezi ndilo la kwanza kuachwa. Linakaa miezi chini ya mwembe, halafu siku ya kuuza linatiwa kidumu cha mazutu kilichovuka kutoka Uvira, na hakuna ajuaye kimechanganywa na nini. Pampu ya 1HZ inalainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake. Ukiitia mazutu yenye maji au mafuta ya taa, inajisaga. Ninachofanya ni kumwaga tangi na kubadilisha filta, kisha ile ya zamani naikata mbele ya mwenye gari ili tuone wote kilichomo. Filta iliyokatwa namwambia aiweke kwenye mfuko, amwonyeshe mnunuzi.

Matairi nayo hudanganya, na katika magari ya aina hii hudanganya zaidi, kwa sababu yametembea kidogo na kashata bado ni nene. Soma tarakimu nne ubavuni: 2317 maana yake tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Jua la Bujumbura limeshalikausha. Na hema lifunguliwe mnunuzi akiwapo. Lililofungwa na unyevu wa Bugarama lina ukungu hata kama kifuniko chake kimesuguliwa.

Bugarama penyewe ndipo pa kujaribia. Kuzunguka Boulevard du 28 Novembre kwa dakika kumi hakuonyeshi chochote. Panda RN1 kutoka ziwani, huku chini mita zipatazo 775, hadi kule juu zaidi ya mita 2,000, ukiangalia sindano ya joto. Rejeta mbovu haifiki bila kulalamika. Mafuta ya safari hiyo alipe muuzaji.

Karatasi sitazielezea sana. Karte roze iwe kwa jina la anayeuza, kontrole tekiniki ya OTRACO iwe haijapitwa, na kubadilisha jina kufanyike OBR, mamlaka ya mapato, kabla mwenye gari hajapanda ndege. Kama liliingia bila ushuru kwa jina la ubalozi au shirika, jambo hilo limalizwe kwanza; hapo ndipo mauzo mengi huvunjika, mnunuzi akiwa ameshatoa arabuni. Na malipo yapitie benki. Anayekumbuka Juni 2023, noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zilipofutwa na watu wakapewa siku 10 kuzirudisha, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ninachokitaka kwa wenzangu ni karatasi moja zaidi. Fundi akilikagua gari aandike: hiki nimebadilisha tarehe fulani, hiki kinavuja, hiki kitahitaji kufanywa ndani ya mwaka. Atie sahihi na namba yake ya simu, nakala abaki nayo. Cheti cha OTRACO kinasema gari lilivyokuwa siku ile. Karatasi ya fundi inasema linakoelekea.

Mzee mmoja wa Rohero aliniambia, "Fundi, wewe utanifukuzia wateja." Nilimwandikia siili ya krenki kwa herufi kubwa. Mnunuzi alikuja, akasoma, akaondoa gharama ya siili kwenye bei bila kuongeza senti ya woga, na mzee akakubali. Wiki chache baadaye gari lilirudi kwangu kufanyiwa siili ileile, maana namba ya simu ilikuwa pale chini ya sahihi. Wenzangu wa upande wa pili wa barabara, wanaoosha injini, wateja wao wa namna hiyo hurudi pia, wakiwa na polisi.