Mkazo Si Mnyumbuko

Kwenye kivuko cha Kamanga, hapa Nyamagana, kamba ya feri inapokazwa kwenye nguzo hutokea mambo mawili: nguvu inayoivuta, na urefu unaoongezeka kidogo hata kama jicho halioni. La kwanza naliita mkazo, la pili mnyumbuko. Waandishi wengi, nami nimo, tumezoea kuyatia yote mawili katika chungu kimoja cha “mkazo”, neno ambalo tayari wanasarufi wamelibebesha silabi ya pili kutoka mwisho. Naona tunakosea, na ushahidi wangu unatoka mbali.

Kule Cadarache, kusini mwa Ufaransa, mataifa yanajenga ITER, mtambo wa kuunganisha viini vya atomi. Koili zake 18 zenye umbo la herufi D zimetengenezwa kwa nyuzi za niobi na bati, ambazo zikipozwa hadi karibu nyuzijoto 269 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani. Kila kebo imesokotwa kwa nyuzi 900 za namna hiyo na 522 za shaba, ipate kubeba ampea 68,000. Umeme huo ukikutana na uga wa sumaku, kebo husukumwa kwa nguvu ya kutisha. Huo ndio mkazo, na ala ya chuma cha pua huustahimili. Nyuzi zenyewe ni kavu kama kigae: mnyumbuko usiofika hata asilimia moja huzipunguzia umeme zinaoweza kubeba, na ukizidi huatuka ndani. Ndiyo maana husukwa kwanza, kisha zikaokwa kwa nyuzijoto 650. Mfinyanzi naye hafinyangi chungu kilichokwisha kuchomwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kebo za koili ya katikati zilipopimwa Villigen, Uswisi, zilionekana kudhoofika kadiri umeme ulivyowashwa na kuzimwa. Tiba haikuwa metali mpya. Nyuzi zilisokotwa kwa mizunguko mifupi zaidi, zikashikana, zikaacha kupindapinda. Msokota kamba wa mwaloni angelielewa hilo bila kuelezwa mara mbili. Lakini fundi aliyeambiwa tu kwamba “mkazo umezidi” angejuaje kama apunguze nguvu, au aziache nguvu zilivyo na azuie nyuzi zisipinde?

Mwanafunzi wa sekondari wa Mwanza husoma fizikia kwa Kiingereza. Akirudi nyumbani kumweleza baba yake mvuvi kwa nini kamba imekatika, ana neno moja la Kiswahili kwa mambo mawili.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kinachonyumbuka hupindika kwa ulaini, na mchanganyiko wa niobi na bati hauna ulaini huo. Pingamizi hilo ni zito. Nilijaribu “mvutiko”, lakini nyuzi hizi zikipozwa hubanwa na ala yake badala ya kuvutwa, nalo neno likanifia mkononi. Nabaki na mnyumbuko mpaka malenga mwenzangu alete lililo bora.