Ndege za jeshi: wingi wa matawi si nguvu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la wanajeshi peke yao, nalo ni namna nchi inavyozipanga ndege zake za kijeshi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa. Wanafunzi wangu wa darasa la saba waliniuliza kwa nini Marekani ina majeshi kadhaa yenye ndege, na sisi tuna Kamandi ya Anga moja tu. Je, ni umaskini? Jibu langu ni kwamba umaskini si sababu ya kutosha, na ningependa ndugu wasomaji walipime.

Marekani ina Jeshi la Anga lililokuwa jeshi kamili mwaka 1947. Hata hivyo Jeshi la Nchi Kavu lina helikopta zake, Wanamaji wana ndege zinazorukia kwenye manowari, na kikosi cha Marini kina ndege zake pia. Walinzi wa pwani nao wana zao, na wakati wa amani hawako chini ya Wizara ya Ulinzi. Mgawanyo huo haukuja kwa utulivu. Mwaka 1948 wakuu wa majeshi walilazimika kukaa kikao Key West ili kugawana kazi, na ubishi haukwisha. Mwaka 1966 Jeshi la Nchi Kavu lilikubali kulikabidhi Jeshi la Anga ndege zake za uchukuzi aina ya Caribou, nalo likaachiwa helikopta.

Gharama ya utengano huo ilionekana Aprili 1980, Marekani ilipojaribu kuwaokoa mateka wake nchini Iran. Helikopta zilikuwa za Wanamaji, marubani wake wengi walikuwa Marini, ndege za uchukuzi zilikuwa za Jeshi la Anga, na makomando walikuwa wa Nchi Kavu. Watu hawa hawakuwa wamezoea kufanya kazi pamoja. Helikopta kadhaa ziliharibika njiani, safari ikavunjwa, na wakati wa kuondoka jangwani helikopta moja iligonga ndege ya uchukuzi. Wanajeshi 8 walikufa. Baada ya hapo, mwaka 1986, ilitungwa sheria ya kuwafanya wakuu wa vita waamrishe majeshi yote kwa pamoja.

Ndugu Mhariri, sasa tujiangalie sisi. JWTZ liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo. Tawi la anga lilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Tulipotofautiana nao mwaka 1965 juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Wakaja Wakanada wakafundisha marubani na kuleta ndege za Otter na Caribou, Caribou ile ile iliyogombewa na Wamarekani. Baadaye China ilitupatia ndege za kivita na kutujengea kambi ya Ngerengere, katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Walimu walibadilika, lakini ndege zikabaki ndani ya jeshi moja, chini ya Mkuu wa Majeshi mmoja, na juu yake Amiri Jeshi Mkuu.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Mwanzoni mwa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mwaka 1978, ndege zetu tatu za kivita ziliangushwa na silaha zetu wenyewe, kwa sababu waliokuwa chini walizidhania kuwa za adui. Jeshi lilikuwa moja, lakini aliye chini hakuwa na habari za aliye juu. Jirani zetu Kenya nao walipata somo la namna nyingine. Baada ya baadhi ya askari wa anga kujaribu kuipindua serikali Agosti 1, 1982, jeshi lao la anga lilivunjwa na kuwekwa chini ya jeshi la nchi kavu, hadi lilipopewa tena uhuru wake mwaka 1994.

Kwa maoni yangu, basi, idadi ya matawi si hoja. Hoja ni kama aliye angani na aliye ardhini wanasikilizana, na kama kila mmoja anajua nani atoe amri.

Jambo hili linatugusa sisi wa vijijini. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 hapa Kilosa yalizoa nyumba na kukata reli. Masika moja ya miaka ya karibuni barabara ya kijiji chetu ilikatika, na ndani kulikuwa na mama mjamzito aliyehitaji hospitali. Mwenyekiti wetu alipiga simu ofisi moja akaelekezwa nyingine, na ya pili ikamrudisha kwa ya kwanza. Mama yule alivushwa na vijana kwa machela, maji yakiwa kifuani. Jeshi lina ndege, polisi wana helikopta, na hifadhi za taifa nazo zina ndege. Lakini mwananchi wa Kilosa au Mikumi hajui ombi lake linaanzia wapi.

Siulizi siri za jeshi. Naomba mambo mawili tu. Kwanza, kwa kuwa tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kila kijiji kibandikiwe tangazo linalosema nani huomba ndege wakati wa maafa, na kwa simu ipi. Pili, kila kata ichague uwanja mmoja ulio mkavu, usio na miti wala nyaya, nao uandikwe wilayani kabla ya mvua. Hifadhi ya Mikumi ina kiwanja chake cha ndege. Sisi wengine tuna viwanja vya mpira vya shule, na wanafunzi wangu wako tayari kufyeka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.