Yai Ndani ya Rejeta, Soda Ndani ya Breki

Barabara zetu ndefu, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kutoka Mombasa hadi Malaba, zina elimu yake isiyoandikwa. Dereva humpa utingo, utingo akiwa dereva humpa mwingine. Sehemu ya elimu hiyo ni mali: imewafikisha watu nyumbani usiku wa mvua, kilomita nyingi kutoka gereji ya karibu. Sehemu nyingine imeua. Zote mbili husimuliwa kwa uhakika uleule, na anayesikiliza hana pa kuzitenganishia.

Siupingi ubunifu wa njiani; naupenda na nautetea. Ninachokataa ni madai yanayochanganya kifaa kinachoharibika taratibu huku kikikuonya, na kile kinachokata mara moja bila taarifa. Bomba la moshi likilegea utalisikia likigonga. Breki ikifa hutajua mpaka uikanyage. Nimeyachukua madai ninayoyasikia zaidi na kuyajibu kwa kipimo hicho.

“Rejeta ikivuja, pasulia yai.”

Dai hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, na maji ya injini iliyopata moto huzunguka yakiwa karibu nyuzi 90. Yai litaiva humo, na kama tundu ni dogo, vipande vyake vitasukumwa hadi pale na kuliziba. Lakini yai halichagui tundu. Mirija ya rejeta ni myembamba, na vipande hivyohivyo hunasa humo na kwenye themostati. Umeziba uvujaji, na papo hapo umezuia mzunguko wa maji unaopoza injini. Manjano na pilipili manga vina hatari hiyohiyo, ila vyenyewe huacha uchafu mdogo kidogo.

Kuna njia bora isiyogharimu hata yai. Mfuniko wa rejeta umetengenezwa kushika mgandamizo ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100, na katika magari mengi yanaweza kufika karibu 120 kabla ya kuchemka. Mgandamizo huohuo ndio unaoyasukuma maji nje ya tundu. Injini ikishapoa kabisa, jaza maji, kisha funga mfuniko hadi hatua ya kwanza tu. Uvujaji utapungua sana. Kwa kuwa sasa maji yatachemka mapema, nenda polepole, zima kiyoyozi, na washa hita ya ndani hata kama uko kwenye jua la Dodoma, kwa sababu hita hulivuta joto kutoka kwenye injini. Jicho lisitoke kwenye geji ya joto. Kwenye rejeta za shaba za zamani, fundi aliyekwama njiani huweza kuukata mrija unaovuja na kuzikunja ncha zake mbili kwa koleo. Rejeta inapoteza mrija mmoja, iliyobaki inaendelea kufanya kazi.

“Imechemsha? Mwagia maji upesi.”

Hapana. Mfuniko ukifunguliwa moto, maji yaliyokuwa yamebanwa hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni na mikononi. Na maji baridi yakimwagwa juu ya silinda hedi yenye moto mkali, chuma hujikunja au kupasuka. Zima injini, fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi, kisha fungua kwa kitambaa kinene ukiwa umegeuza uso. Kusubiri huko ndiko matengenezo yenyewe.

“Selotepu yoyote inatosha kwenye hozi.”

Gundi ya tepu ya umeme hulainika kwa joto, na kwenye mpira wenye unyevu haishiki kabisa. Kinachoshika ni utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili. Kausha hozi, anza mbali kidogo na mpasuko, vuta utepe kwa nguvu zako zote huku ukizungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, maliza kwa kufunga waya au klempu. Hapa haishiki gundi, unashika mvuto wa mpira. Kitu hiki kinapatikana kwa fundi pancha yeyote kwa bei ya kuombwa tu, na sijui kifaa kingine cha safari kinachonishawishi zaidi: hufunga hozi, hufunga mzigo, hushikilia betri inayocheza, huzuia waya zisisuguane.

“Soksi ndefu ya mwanamke ni mkanda wa feni.”

Ilikuwa kweli kwa magari ya zamani yenye mkanda mmoja mwembamba unaozungusha feni na pampu ya maji. Magari mengi ya leo yana mkanda mpana wa mifereji unaobeba jenereta, usukani na kiyoyozi kwa pamoja, na feni yake mara nyingi huendeshwa na umeme. Soksi haitadumu hapo hata dakika chache. Nunua mkanda wa akiba, uulaze chini ya kiti.

“Sabuni haiwezi kuziba tangi la mafuta, huo ni uzushi.”

Dai hili nalikataa kwa upande wa pili, maana wengi huiona sabuni kuwa jambo la kienyeji na kuidharau. Sabuni ya mche haiyeyuki ndani ya petroli wala dizeli. Ukiisugua kavu kwenye ufa mdogo hadi ijae ndani, itaziba, na kwa kawaida itakufikisha kwenye mji unaofuata. Adui yake ni maji: mvua na madimbwi huiosha, kwa hiyo ikague kila unaposimama. Chingamu, ambayo wengi huiamini zaidi, hulainishwa na petroli. Kinachohitaji uangalifu hapa ni mazingira ya kazi: injini imezimwa na imepoa, hakuna sigara, hakuna kibatari, na simu yenye tochi imeshikwa na mtu aliyesimama pembeni.

“Fyuzi imeungua, weka karatasi ya sigara.”

Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiweka ile karatasi inayong'aa, au kipande cha waya, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia moto ndani ya dashibodi, na umekiondoa wakati ambapo tayari kuna hitilafu. Huhitaji kubuni chochote. Fyuzi za kubana zina rangi zake: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ng'oa ya rangi ileile kwenye redio au soketi ya kuwashia sigara, iweke kwenye taa. Ikiungua tena, acha. Sasa gari linakwambia kuna waya uliochubuka mahali fulani.

“Mafuta ya breki yakiisha, tia maji ya sabuni au soda, twende.”

Hapa ndipo sina subira, kwa sababu nimesikia jambo hili likisimuliwa kama sifa, kwenye vituo ambako basi lenye watu zaidi ya 50 linasubiri kuondoka.

Mafuta ya breki hayakuchaguliwa kwa sababu ni mafuta. Yalichaguliwa kwa sababu hayachemki upesi. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Maji huchemka kwenye 100. Dereva anayeteremka Kitonga au Mai Mahiu huku akikanyaga breki kwa muda mrefu hupandisha joto la breki zake kupita hapo kwa mbali. Maji yakichemka ndani ya paipu huwa mvuke, na mvuke hubonyea, maji hayabonyei. Unakanyaga pedali, inakwenda hadi sakafuni, na hakuna kinachofika kwenye matairi. Ubaya wake ni kwamba breki hiyo ilifanya kazi vizuri sana kwenye tambarare. Ilikudanganya mpaka ulipofika mteremko.

Oili ya injini, ambayo wengine huiona ni afadhali, hufanya uharibifu wa aina nyingine: huvimbisha raba za breki, na baada ya hapo mfumo mzima unahitaji kufunguliwa na kubadilishwa raba.

Kuna dai pacha, la kuziba paipu inayovuja ya tairi moja kwa msumari au kwa kuikunja, ili mengine matatu yaendelee. Gari litavuta upande mmoja kila unapofunga breki, na ukifunga kwa dharura litageuka. Na kwa malori na mabasi ya breki za upepo lipo baya zaidi. Upepo ukipungua, springi kubwa kwenye busta hushika matairi yenyewe, gari likakataa kwenda. Huko ni kukataa kulikokusudiwa. Wapo wanaoibana springi hiyo kwa bolti ili gari liachie, kisha wakaendelea na safari na mzigo. Bolti ile ni ya kazi ya fundi na ya kulivuta gari bovu. Ukiifunga na kuondoka, umelinyima gari njia yake ya mwisho ya kusimama.

Breki haina matengenezo ya njiani zaidi ya kuongeza mafuta yake yaleyale, na hata hayo yakipungua tena, gari limefika mwisho wa safari. Abiria anayo haki ya kuuliza utingo ametia nini kwenye kikopo cha mafuta ya breki, na kushuka kama jibu halimridhishi. Nauli inadaiwa baadaye.

“Gari la kisasa halishikiki njiani, subiri winchi.”

Kompyuta ndiyo, huiwezi. Lakini gari la kisasa bado linaweza kukwama kwa sababu kichwa cha betri kimelegea au kimeota ukungu mweupe. Kiguse kwanza kabla ya kulaumu betri. Maji ya moto huosha ukungu ule, spana namba 10 hukaza nati. Bomba la moshi lililokatika hufungwa kwa waya wa kufungia nondo, siyo kamba wala plastiki, ambavyo huyeyuka. Na madirisha yaachwe wazi, kwa kuwa moshi unaovujia ndani hauna harufu ya kutosha kukuamsha. Hiyo ni mikono, koleo na dakika kumi.

“Ikikubali, imepona.”

Madai yote niliyoyataja yanalindwa na hili. Utepe wa tyubu uliofungwa Jumatatu unakutwa umekauka na kupasuka mwezi wa tatu, gari likiwa na mzigo mzito kuliko siku ile. Anayelifunga la dharura aliandike: karatasi juu ya usukani, tarehe na sehemu iliyoguswa, isomwe na dereva anayepokea gari. Makampuni ya mabasi hubadilisha madereva njiani, na yule wa pili hakuwepo sabuni ilipopakwa.

“Mawe tuliyowekea tairi tuyaache, yatasaidia wengine.”

Hayasaidii mtu. Mwendesha pikipiki anayekuja saa 3 usiku na taa hafifu hukutana nayo katikati ya lami akiwa na abiria mgongoni. Weka pembetatu zinazoakisi mwanga mita 50 au zaidi nyuma ya gari, mbali zaidi kama umesimama baada ya kona. Matawi ni ya kuongezea tu, usiku hayaonekani. Kwa kukinga tairi beba kabari mbili za mbao zilizofungwa kamba kwenye gari lenyewe, ili ukiondoka ziondoke nawe. Kama ulilazimika kutumia mawe, utingo asipande kabla hajayatupa nje ya bega la barabara, na dereva asitie gia kabla hajamwona akifanya hivyo.